Kahawa, korosho na daftari la mtoto

Swali: Mimi ni mwalimu Dodoma. Ni kweli Wachaga walisoma mapema kwa sababu wanapenda shule kuliko wengine?

Sikubali, mwalimu. Anza na kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Kwa desturi, kwenye urithi waliotangulizwa ni mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati aende wapi, na mlima hauongezeki? Wengi walishika biashara au daftari. Na ada ilipatikana, kwa sababu kahawa iliuzwa kwa pamoja: wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, kisha chama kikuu cha ushirika wao, KNCU, kikaanzishwa 1933. Mapenzi ya shule yalikuwepo, lakini yalikuwa na mfuko.

Swali: Sisi Kusini tuna misheni ya Masasi na Ndanda tangu zamani. Mbona tulibaki nyuma? (Mama wa watoto watatu, Newala)

Dada yangu, swali lako limenigusa. Misheni ilifika Masasi mwaka 1876 na Ndanda 1906, kwa hiyo shule haikuwa ngeni kwenu. Mlikosa njia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la Dar es Salaam lilisubiri pantoni Mto Rufiji, na masika barabara ilikatika. Mkulima aliyefungiwa hivyo hana sauti kwenye bei.

Halafu kuna kangomba, kuuza korosho kabla ya mavuno, unaijua kuliko mimi. Mwezi wa saba ndani hakuna kitu, mtoto anadaiwa sare, na mnunuzi yuko mlangoni na kopo lake, anataka korosho ambazo bado ziko mtini. Mama anakubali. Mnada ukifika Oktoba, zake zilishaondoka. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka korosho ghalani kwa risiti ziuzwe mnadani, ilisaidia bei, ila njaa ya Julai haikuigusa.

Swali: Jando na unyago vipigwe marufuku?

Hapana. Vifanyike likizo, na walimu wakae na makungwi kupanga tarehe. Mwari humsikiliza kungwi kuliko afisa elimu.

Swali: Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye sekondari za serikali ilifutwa 2016. Bado tunalalamika nini?

Chakula cha mchana. Mtoto aliyetembea kilomita sita na tumbo tupu haelewi hesabu saa nane. Kikao cha chama chenu cha msingi cha ushirika kikiitishwa kabla ya msimu, ombeni ajenda moja: makato madogo kwa kila kilo, yaende kwenye sufuria ya shule.