Dar kwa mgeni na kwa anayehamia: anza na barabara, nyumba ifuate

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Unakuja Dar kikazi miezi miwili na unataka kulifaidi jiji, halafu ofisi ikikubakiza unataka kujua mtu wa kipato cha kawaida anaishije humu bila kukopa kila mwisho wa mwezi. Waliotangulia wamekutajia viwanja vya kula bata. Mimi naanza na barabara, maana Dar muda wako na hela yako vinaishia huko kabla ya kitu kingine chochote.

Jiji limejipanga kwenye barabara kuu nne: Bagamoyo (Mwenge, Tegeta, Bunju), Morogoro (Magomeni, Ubungo, Kimara, Mbezi), Nyerere (Tazara, uwanja wa ndege, Gongo la Mboto) na Kilwa (Mtoni, Mbagala, Kongowe). Asubuhi umati unaelekea katikati ya jiji, Posta na Kariakoo, jioni unarudi. Anayelala na kufanya kazi upande mmoja anapanda gari moja. Anayelala Mbagala na kazi iko Mwenge anakatiza jiji zima, na kila anapobadili gari anapoteza muda na nauli. Kwa hiyo jua kwanza ofisi iko wapi, kisha tafuta chumba kwenye barabara hiyohiyo.

Dalali atakupeleka kuangalia chumba Jumapili mchana, na utaamini kweli mjini ni dakika 20. Rudi mwenyewe Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi, simama kituoni, uone magari yanafika na nafasi au yameshajaa. Ukiona watu wanagombea magari yanayokwenda kinyume, kuelekea mwisho wa ruti, ujue wanageuza nayo: wanalipa nauli mara mbili ili wapate siti. Ukipanga hapo, weka nauli ya kugeuza kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na muda wake.

Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, uliopo tangu 2016, una njia yake na saa za foleni unayapita magari yaliyosimama, ila asubuhi kuupanda ni kusukumana. Udhaifu wake mwingine ni Jangwani: mvua kubwa ikinyesha bonde la Msimbazi linajaa na Barabara ya Morogoro hufungwa pale. Kariri njia mbadala mapema. Ukiwa Ubungo, shika Mandela hadi Tazara kisha Nyerere. Ukiwa Magomeni, shika Kawawa hadi Morocco kisha uingie mjini kwa Ali Hassan Mwinyi. Kwenye daladala soma kibao na mstari wa rangi ubavuni, na bado muulize konda anapita wapi, kwa sababu magari mawili ya kwenda mwisho mmoja yanaweza kupita njia tofauti. Konda akikatisha ruti na kuwashusha katikati, dai hela yako palepale kabla gari halijageuka. Bajaji na boda usiyoiita kwa programu ya simu, patana bei kabla hujakaa. Boda asiye na kofia ya pili mwache aende, hata kama umechelewa.

Sasa kula bata. Mitaa ya Posta itembee kwa miguu Jumapili asubuhi, siku nyingine magari yatakunyima raha. Anzia Sanamu ya Askari, iliyosimama hapo tangu 1927, shuka hadi Kanisa la Mtakatifu Joseph lililokamilika 1902, fuata Kivukoni kandokando ya bahari upite Azania Front, umalizie Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Ukisoma maelezo yote, asubuhi yote inaisha. Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo, kipe siku yake: nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa halisi, unaingia ndani.

Feri, soko la samaki, nenda mapema, wakati mnada umechangamka. Mgeni asijitose kwenye mnada wenyewe, pale wananunua wachuuzi kwa mkupuo. Pita kwanza bila kununua, sikiliza bei kwa watatu wanne, ndipo uchague. Funua shavu: liwe jekundu, siyo la kahawia. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi juu. Jicho liwe limejaa, lisiwe limezama. Kupaa samaki kunalipiwa kwa mtu mwingine, na kukaanga kwa mwingine tena, hivyo ulizia bei zote tatu kabla hujasema ndiyo. Beba chombo chako, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Ukitoka hapo panda pantoni uvuke Kigamboni. Ni safari ya dakika chache na nauli ndogo, na unaliona jiji kutokea majini. Jioni ya Jumapili ni Coco Beach: mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, watu kibao. Simu weka mfuko wa mbele.

Visiwani, Bongoyo boti zinatoka Msasani na Mbudya zinatoka Kunduchi. Vyote viwili ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo nauli ya boti ni kitu kimoja na kiingilio cha hifadhi ni kingine. Wengi hugombana ufukweni kwa sababu waliulizia kimoja tu. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unachafua bahari, nenda asubuhi na urudi mapema. Maji ya kunywa toka nayo bara, na chupa tupu rudi nazo.

Ukibakizwa, hesabu inabadilika. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Chumba cha laki moja na nusu kinakudai 1,050,000 kabla hujanunua godoro. Kinachowaangusha watu wengi ni mwezi wa saba tangu wahamie. Miezi sita umeishi kana kwamba nyumba ni ya bure, ghafla laki tisa inatakiwa. Kuanzia mshahara wa kwanza ukiwa ndani, tenga ile laki na nusu kila mwezi mahali usipoweza kuichomoa kirahisi: kikoba, kibubu cha kwenye simu chenye tarehe, chochote kile. Kodi ikizidi theluthi ya mshahara, hamia chumba kidogo zaidi palepale kabla hujafikiria kusogea mbali, maana mbali utalipia kwa nauli.

Hela ya kodi usimkabidhi dalali. Mtake mwenye nyumba, andikishaneni mkataba, na kabla ya hapo pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize kama wanamtambua. Chumba kimoja kuchukuliwa hela na wapangaji wawili ni utapeli wa kawaida kabisa hapa.

Uliza LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au ya kushea. Kundi la matumizi madogo, lenye uniti za bei nafuu, linaishia uniti 75 kwa mwezi, sawa na 2.5 kwa siku. Feni ya wati 60 usiku mzima inakula nusu uniti. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa, nusu nyingine. Friji ndogo ikiongeza yake, mtu mmoja makini anabaki ndani ya mstari. Kiyoyozi, hata kidogo, usiku mmoja kinaweza kula uniti tano na zaidi. Hapo bei nafuu umeiaga. Mita ya kushea nayo huvuka mstari upesi, na ugomvi wa nani ana friji hauishi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Hilo ni deni la mwenye nyumba, liandikeni kwenye mkataba.

Maji: fungua bomba, onja, kisha osha mikono kwa sabuni. Yakiwa ya chumvi sabuni haitoi povu, na hayo ni ya kisima, utanunua mengine ya kunywa na kupikia. Hata penye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, weka akiba. Watu wawili kwa lita 50 kila mmoja, tenki la lita 500 linawafikisha siku tano. Lifunike kabisa. Mbu wa dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotulia na huuma mchana. Jiji hili limepata milipuko 2014 na 2019.

Jikoni, mtungi wa kilo 6 unamtosha mtu mmoja anayepika mara moja kwa siku, kama mwezi hivi. Mwambie muuzaji aupime mbele yako: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, jumlisha 6. Ukishafunga, paka maji ya sabuni kwenye maungio, yakitoa mapovu zima gesi na ufunge upya. Maharage chemsha ya wiki nzima mara moja. Mahitaji nunua kwa sado (kopo la kupimia) sokoni, ndizi na matunda soko la Mabibo, na usinunue fungufungu gengeni kila jioni ukaja kushangaa hela imeenda wapi. Gengeni chukua nyanya na mchicha tu. Taka lipia kikundi cha mtaa kinachozoa, chupa za plastiki weka pembeni, waokotaji watazipitia. Mtaro ulioziba ndio unaoleta maji sebuleni mwako.

Kuhusu mwezi wa kuja: mjini pananoga kuanzia Juni, joto limepungua. Lakini nyumba itafute Aprili, masika yakiwa yamekolea. Kiangazi kila nyumba ni nzuri. Mvua ikinyesha utaona paa linavuja wapi, bajaji zinagoma kufika mtaa gani, na ukutani utakuta mstari wa tope unaoonyesha maji yalifika wapi. Mstari ukiwa juu ya soketi, ondoka hata wakikupunguzia kodi nusu. Miezi yako miwili ikiangukia Mei na Juni, tafuta chumba Mei mvua zikiwa bado zipo, na visiwani uende Juni, asubuhi kama nilivyosema.