Rimoti haifungui milango mpaka uibonyeze kwa nguvu: usikimbilie ufunguo mpya

Assalaam alaykum. Ndugu yetu wa Chake anauliza: rimoti ya gari yake haifungui milango mpaka aibonyeze kwa nguvu mara tano sita, ingawa ufunguo wenyewe unawasha gari bila taabu. Keshabadilisha betri mara mbili, na sasa fundi anamwambia atoe pesa ya ufunguo mpya.

Ndugu yangu, usitoe bado. Mimi yalinifika hayahaya hapa Wete, na rimoti ile ndiyo ninayotembea nayo mpaka leo.

Kwanza ujue kuwa mna vitu viwili mle ndani. Kimoja ni saketi ya rimoti, yenye vitufe na betri, na kazi yake ni milango tu. Cha pili ni chipu ndogo ya imobilaiza ambayo haitumii betri kabisa. Inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka pale unapochomeka ufunguo, inajitambulisha kwa gari, ndipo injini ikubali kuwaka. Kwa hiyo gari yako kuwaka ni habari njema: chipu ni nzima, ugonjwa uko upande wa rimoti peke yake.

Yangu ilianza na maji ya bahari. Nilivuka kwenda mazikoni Kojani, tuliporudi bahari imekupwa, mashua ikashindwa kufika pwani. Tukashuka tukatembea majini, na ufunguo uko mfukoni mwa kanzu. Siku ile ilifanya kazi kama kawaida. Wiki mbili baadaye ikaanza kususa. Nikanunua betri, ikapona siku mbili, ikarudi kulekule. Nikanunua nyengine, hali ni ileile. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba si betri iliyokuwa ikisaidia. Ni kule kufungua na kubana tena, saketi ikisogea kidogo na kugusa panapotakiwa.

Betri lakini usiipuuze, ipime. Nyingi ni CR2032, ya volti 3, lakini soma namba iliyo kwenye ile uliyoitoa. CR2016 ina upana uleule wa milimita 20 ila ni nyembamba, milimita 1.6 badala ya 3.2, na ukiipachika pahala pa CR2032 haigusi vizuri. Kwa mita ya kupimia umeme, betri mpya inasoma volti 3 na kidogo. Na tafadhali, betri kuukuu usiiache juu ya meza penye watoto. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu. Hilo ni la kukimbizwa hospitali saa ileile.

Sasa kufungua. Tumia bisibisi bapa nyembamba, ingiza kwenye ufa wa kasha, uzungushe taratibu. Fungulia juu ya taulo jeupe, maana chipu kwenye funguo nyengine ni kipande cheusi kidogo kuliko punje ya hindi, kimekaa tu ndani ya plastiki. Shemegi yangu alinunua kasha jipya, akahamisha saketi na betri, la zamani akalitupa jaani. Milango ikafunguka, gari ikakataa kuwaka. Tulipekua takataka jioni nzima kwa tochi ya simu mpaka tukalipata.

Nilipoitoa saketi yangu niliona ukungu wa kijani kwenye vyuma vya betri. Ni chumvi hiyo, inaila shaba. Nikausugua kwa mswaki laini na alkoholi ya kusafishia vifaa vya umeme, nikaiacha kivulini mpaka ikakauka kabisa. Usiianike juani, wala usiisugue kwa maji ya bomba ukadhani inatosha.

Kisha nikagusa vile vitufe vya chuma vilivyo chini ya mpira, kimoja kimoja, kwa ncha ya kijiti cha meno. Cha kufungia kilikuwa kimetulia. Cha kufungulia kilicheza, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikachukua miwani ya marehemu baba nikaifanya lenzi: kwenye mguu mmoja, risasi ya kulehemu imepasuka duara jembamba kama unywele. Ukikikandamiza, ufa unajifunga na mlango unafunguka. Ukiachia, ufa unarudi. Nahisi na yako ni hiyo, kwa vile umesema inataka nguvu.

Dawa yake ni dakika chache. Toa betri kwanza, usilehemu hata mara moja betri ikiwa ndani. Mimi nilitumia chuma cha kulehemu cha wati 30, nikagusa mguu pamoja na risasi mpya kidogo, nikahesabu mpaka mbili, nikaondoa. Ukikawia, ile njia ya shaba inabanduka kwenye saketi na hapo umeongeza kazi. Kama hujawahi kulehemu, mpelekee fundi redio. Kwake hii ni kazi ndogo, na hahitaji kuiona gari.

Ikiwa risasi ni nzima, pima kitufe chenyewe kwa mita iliyowekwa kwenye mlio. Kikibonyezwa mita ilie, kikiachwa inyamaze. Isipolia, au ikilia leo na kesho isilie, kitufe kimekufa. Kuna rimoti zenye kitufe cha buti ambacho hukitumii. Mara nyingi ni saizi moja na vyengine, vibadilishe nafasi.

Yangu haikuhitaji kuunganishwa upya na gari baada ya yote hayo. Niliipachika betri, nikasimama barazani, nikabonyeza kwa kidole kimoja tu, taa zikawaka.

Ukishaifungua, piga picha ya saketi pande zote mbili uiweke hapa, nami nitakuonesha mguu wa kuanza nao.