Kugeuza "imepanda" na "imeshuka" kuwa namba: usiwatupe waliosema "vilevile"

Kwa uzoefu wangu wa kuchakata madodoso ya biashara, anayeanza namshauri hivi: kabla ya kukokotoa fahirisi yoyote, andika asilimia zote tatu. Waliosema mauzo yamepanda, waliosema yako vilevile, waliosema yameshuka.

Tuseme ni 30, 50 na 20. Njia nyepesi ni kutoa 20 kwenye 30, ubaki na salio la 10. Taasisi ya utafiti wa uchumi ya Ifo ya Munich, Ujerumani, hutumia masalio ya namna hii. PMI, yaani fahirisi ya mameneja wa manunuzi, kama ile ya benki ya Stanbic inayotoka kila mwezi Kenya na Uganda, huchukua waliosema yamepanda na kuongeza nusu ya waliosema vilevile: 30 na 25, yaani 55. Ikizidi 50, hali imeboreka. Lakini 55 haisemi mauzo yamekua kwa asilimia 5! Inasema tu walioona mauzo yamepanda ni wengi kuliko walioona yameshuka. Tafadhali usimwache msomaji wa ripoti yako aelewe vingine.

Sasa tazama salio la sifuri. Linaweza kutoka kwa 45, 10, 45. Au kwa 5, 90, 5. Soko la kwanza limegawanyika vibaya, la pili limetulia, na ukiwa na salio peke yake huwezi kuyatofautisha.

Ndiyo maana napenda njia ya wanauchumi Carlson na Parkin ya mwaka 1975, inayotumia asilimia zote tatu. Muuza vifaa vya ujenzi akizidisha mifuko miwili ya simenti kwa mwezi, atakujibu, "Ni hivyohivyo tu." Hasemi yamepanda mpaka ongezeko livuke kizingiti fulani. Ukikiweka kizingiti asilimia 2 kwa kupanda na kushuka, na ukichukulia mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, mfano wetu wa 30, 50, 20 unatoa ukuaji wa wastani wa takriban asilimia 0.46. Kizingiti chenyewe usikibuni: linganisha majibu ya miaka iliyopita na takwimu halisi za mauzo, kisha chagua kinachofanya wastani wa makadirio yako ulingane na wastani wa takwimu hizo halisi.

Mwezi ambao hakuna hata mmoja aliyesema yameshuka, hesabu hii inakwama, kwa sababu sifuri haina pa kukaa kwenye mtawanyo huo. Mwezi huo tumia salio, na uandike wazi kwamba umebadilisha njia.