Wewe unayempangia bondia wako mechi, mpinzani umemuona akipigana, au umeona rekodi tu?

Jumamosi nilikaa pembeni ya ulingo wa ngumi hapa Ngamiani, Tanga, nikaangalia mapambano manne ya utangulizi, na mawili nilijua yataishaje kabla kengele haijalia. Dogo mmoja 6-0, yaani kashinda sita hajapoteza hata moja, kapewa mtu mzima mwenye kitambi, kaja na bukta ya kuazima, hata dakika haijaisha jamaa kakaa chini kwa ngumi iliyompitia begani, ukumbi mzima unazomea, na meneja wa dogo anarukaruka kama kachukua mkanda wa dunia. Lililofuata, kijana ana mechi 3 tu maishani kawekewa jamaa wa Dar aliyezoea raundi nane. Raundi ya pili nikainamisha kichwa, sikutaka kuona.

Hao mameneja wawili wote nawafahamu, wote wakinikuta njiani wananiamkia, wote nawapenda, wana moyo na hawalali kwa ajili ya vijana wao. Ila wote wawili nilipowauliza "huyu mpinzani ulimuonaje?" wakanitolea simu na kunionyesha rekodi. Hapo ndo nikaona niandike, maana hilo kosa nalijua, liliniharibia mtu.

1. Kabla hujampigia promota, jiulize mechi hii unataka dogo atoke na nini. Zile tatu nne za mwanzo ni za kuzoea taa na kelele, sawa, mpe mtu wa kawaida. Baada ya hapo mpe mrefu mwenye jab, ile ngumi ya kuchoma ya mkono wa mbele, mpe mfupi anayeingia na kichwa, mpe wa kushoto, yaani anayesimama mguu wa kulia mbele, mpe mkongwe anayejua kukumbatia na kukukanyaga mguu refa asione, halafu mpe mtu ambaye hadondoki, ili dogo aende raundi zote na ajue mapafu yake yana nini. Na kwa mpangilio, sio anayepatikana ndo huyo huyo.

Watu wanadhani Mike Tyson alikuzwa kwa kutandika wachovu tu. Kweli mwaka 1985 alipigana mara 15 na wote hawakumaliza, lakini waliokuwa wanampangia walikuwa na akili zao. Mei 1986 wakampa James Tillis, mjanja wa miguu, akamtoa jasho raundi zote 10, na mwezi huo huo Mitch Green naye akafika 10. Zote alishinda kwa pointi, wala hakuna aliyelia kwamba KO, yaani kumzima mtu, zimekatika. Novemba akammaliza Trevor Berbick raundi ya 2, bingwa wa dunia ana miaka 20. Sasa we wa kwako 9-0, ukijumlisha raundi zote alizopigana hazifiki 15, unaniambia yuko tayari kwa mkanda wa raundi 10? Atapumua na nini?

2. Rekodi. Hapa mnivumilie nitakaa kidogo.

Nilikuwa na dogo wa Makorora, uzito wa unyoya, kilo 57, 7-0, sita kati ya hizo KO. Mkono wa kulia ulikuwa unalia kama mlango umefungwa na upepo. Nilimchukua ana miaka 15 kutoka ridhaa, amekula kwangu, wanangu wanamwita kaka. Promota mmoja akaja akasema ana kadi kubwa, yaani usiku wa mapambano kadhaa, dogo akishinda mechi hii ya raundi sita basi inayofuata ni mkanda, kasheshe ni moja tu, mpinzani nitafute mimi na nitafute haraka. Nikapiga simu mbili tatu nikaletewa jina la jamaa wa bara, 5-11. Kushinda tano, kupoteza kumi na moja. Nikafurahi kweli. Nikamwambia promota tayari, nikamwambia kocha tayari, nikaenda kula.

Sikuuliza hizo 11 alipoteza kwa nani. Nilikuja kujua baadaye, wakati haisaidii: kumi alipoteza kwa pointi, zote ugenini kwenye miji ya wenyewe, mbele ya majaji wa wenyewe, tena kadhaa akipigana na watu wa kilo 61 kwa sababu alikuwa anahitaji hela na hakatai simu. Moja alikatwa jicho mwamuzi akasimamisha. Hakuna hata mmoja aliyemkalisha chini. Sikuuliza anatumia mkono gani. Ni wa kushoto. Dogo alikuwa hajawahi kupigana na wa kushoto, na jimu kwetu hatukuwa naye hata mmoja wa kufanya naye sparingi.

Siku ya kupima uzito ningeweza kushtuka. Jamaa alipanda mzani na nguo zake za ndani, 56 na kitu, akashuka, akanunua soda na chapati mbili palepale nje akakaa kwenye ngazi anakula taratibu. Dogo wangu alikuwa amelala siku mbili bila maji, tumemfungia chumbani na masweta mawili anaruka kamba, midomo imepasuka, alipopanda mzani nilimshika kiwiko asiyumbe. Niliwaona wote wawili kwa macho yangu. Nikasema kesho atakuwa amerudi.

Raundi ya kwanza na ya pili dogo alirusha kila kitu. Ukumbi umesimama, watu wanapiga meza. Yule jamaa anazipokea kwenye mikono, kwenye mabega, anarudi nusu hatua, mguu wake wa mbele kila saa uko nje ya mguu wa dogo. Raundi ya tatu ndo akaanza. Mkono wa kushoto, mbavu za kulia, pale pale kwenye ini. Mnajua wenyewe, mtu anayesimama kawaida akikutana na wa kushoto asiyemjua, ini linakaa wazi kwa mkono wake wa kushoto kama limewekwa mezani. Moja. Akatulia. Nyingine. Mwisho wa raundi dogo karudi kona anapumua kwa mdomo, mate mazito, hasemi.

Raundi ya nne nikamuona anafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu nimjue, alikuwa anageuza macho kuangalia kona. Mara ya kwanza, mara ya pili. Kocha akaishika taulo, ile ikitupwa ulingoni pambano linasimama. Akanitazama, nilikuwa nimekaa safu ya mbele karibu na promota. Nikamfanyia ishara ya mkono, mwache. Nikasema kwa mdomo kabisa, "mwache, atatoka." Yaani mi niliyekaa kwenye kiti cha plastiki nikamwambia mtu aliyeko kona, mwenye macho kuliko mimi usiku ule, amwache mtoto aendelee, kwa sababu kichwani kwangu kulikuwa na mkanda.

Raundi ya tano ile ya ini ikaingia, mikono ikashuka, halafu ya juu. Alidondoka na uso. Dakika kadhaa hakuwa anajua yuko wapi, aliniuliza kama ameshapima uzito.

Alipona, namshukuru Mungu. Usiku mmoja hospitali, asubuhi akatoka anatembea. Lakini bondia hakutoka mle ndani. Alipigana mara mbili tena, na kila mkono wa mwenzie ukitikisika anafumba macho. Akaacha. Yuko na bodaboda sasa, ana familia, tukikutana ananisalimia vizuri tu na anasimamisha pikipiki kabisa, na hilo ndo linaniuma zaidi.

Wiki ile nilimfuata mama yake, anauza samaki Deep Sea. Nilimkuta anapaa changu, hakuacha kazi, magamba yanamrukia mkononi. Nikampa pole, nikajieleza, nikajieleza tena. Akaniuliza, "Kaka, huyo aliyempiga mwanangu, wewe ulimuona kabla?" Nikamwambia rekodi yake niliiona. Akasimamisha kisu. "Rekodi ndo mtu?" Akaendelea kupaa. Sikuwa na jibu siku ile na sina mpaka leo.

Kwa hiyo wanangu, 5-11 sio mchovu. Inawezekana ni mchovu na inawezekana ni fundi asiye na meneja. Na 12-0 sio mkali mpaka ujue hao 12 ni kina nani. Angalia alipoteza kwa nani, wapi, kwa pointi au kwa kukalishwa, kilo ngapi, mara ya mwisho kupanda ulingoni lini. BoxRec, ile tovuti ya rekodi za mabondia, ifungueni, ni msaada mkubwa, ila mjue kuna mapambano ya huku kwetu hayakuwahi kuingia mle, hivyo piga simu kwa kocha wa mtu aliyepigana naye, kocha wa mtu aliyepoteza kwake ndo anakwambia ukweli.

Na watu wa Tanga tusahau yote lakini hili tusilisahau, maana na wazungu walishawahi kusoma karatasi ya mtu wetu vibaya. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, mtoto wa hapa hapa, alipelekwa Birmingham kupigana na Sam Eggington kwenye kadi ya Amir Khan. Eggington alishakuwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya, yuko kwao, mgeni kaja kutoka Tanzania, wenyewe wameshapiga hesabu. Raundi ya 2 mwamuzi akasimamisha, Mwakinyo kashinda TKO. Sisi tulishangilia mpaka barabara zikafunga. Lakini we kama mpanga mechi jiweke upande wa pili siku ile, jiweke kwenye kiti cha yule aliyeleta jina la Mwakinyo akasema huyu ndo anatufaa. Mi nilikuwa nacheka na wenzangu huku moyoni namuonea huruma mtu huyo nisiyemjua.

3. Kilo. Dogo apigane kwenye kilo anazofika akiwa anakula. Manny Pacquiao mwenyewe, yule Mfilipino, 1996 alizidi uzito, akavalishwa glavu nzito kuliko za mwenzie kama adhabu, Rustico Torrecampo akamzima raundi ya 3. Alirudi akaja kuwa bingwa kwenye uzito nane tofauti, kwa hiyo kupoteza sio msiba, ila usiupange kwa uzembe wa mzani.

4. Mpinzani akijitoa siku mbili kabla, mbadala wake ana mkono uleule na urefu uleule? Kama hapana, mwambie promota asante, rudi nyumbani. Mabango yameshabandikwa? Yabanduliwe.

5. Mgeni naye ni mtoto wa mtu. Hili nalisema kwa hasira maana nimeliona Jumamosi. Mtu kazimwa mwezi uliopita mji mwingine, mnamsafirisha kwa basi usiku kucha, anafika alfajiri, anapima, jioni anapanda. Mtu aliyezimika anatakiwa apumzike na apimwe, sheria zipo, mnazijua, mnazikwepa kwa kusema "kamisheni ya ngumi haijauliza." Halafu hela yake mlipeni kabla hajavaa glavu, nimeshakuta mgeni stendi asubuhi na uso umevimba anaomba nauli ya kurudi kwao.

6. Taulo ni ya kocha. Meneja, mpanga mechi, promota, mfadhili, mjomba, wote wakae na mikono yao mapajani. Hili halina mjadala na mimi.

7. Sparingi na wa kushoto, mtafuteni hata Muheza hata Mombasa, mlipieni nauli akae wiki mbili.

Na kuhusu promota. Najua mnamuogopa, najua kadi haziko nyingi huku kwetu kama Dar, ukikataa leo unadhani hutaitwa tena. Mi nimekataa mechi nyingi tangu siku ile na bado naitwa. Promota anakasirika wiki moja, wiki ya pili anapiga simu kwa sababu anajua ukimwambia mechi hii ni nzuri basi ni nzuri, watu watakaa kwenye viti mpaka mwisho na hawatazomea. Ukimpa wachovu kila kadi ukumbi wake utabaki na ndugu wa mabondia tu.

Sasa we uliyenitumia meseji jana usiku, unajijua, wa dogo wa Chumbageni. Jina ulilonipa la mpinzani wa Idd nimeliangalia, 4-7, mara ya mwisho kapigana miezi mitano nyuma. Klipu ya sekunde thelathini uliyotuma anapiga begi, begi halirudishi. Nitafutie pambano lake moja aliloshinda na moja alilopoteza, yote mawili kuanzia kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, na uniulizie kocha wake kama anasimama kushoto, maana kwenye ile picha ya bango mguu wa kulia ndo uko mbele. Usisaini kitu mpaka hapo.