Bili ya Maji Haitoshi

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 8 hapa Shela, Lamu. Wakala anayetuletea watalii anataka mizania ya maji ya biashara yetu. Nilimpa bili za mwaka mzima, akazirudisha. Anataka nini tena?
Mwenye Nyumba, Shela

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bili zinasema habari za maji ya mfereji tu. Na kisima je? Nyumba ya vyumba 8 Shela isiyo na kisima bado sijaiona.

Mizania ya maji ni kama hesabu ya duka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki kwenye tangi. Anza na kisima, maana hicho hakitoi risiti. Weka dumu la lita 20, washa pampu, tazama saa. Likijaa kwa sekunde 30, pampu inatoa lita 40 kwa dakika. Ikifanya kazi kwa muda wa saa mbili, ni lita 4,800. Mpe daftari mtu asiyesahau, aandike ilipowashwa na ilipozimwa. Kwenye mita ya mfereji, uniti moja ni lita 1,000. Ukikinga mvua, iandike pia.

Shida iko kwenye kutoka. Maji ya bustani mengi huishia hewani, na ya bwawa la kuogelea vivyo hivyo. Ya bafuni na jikoni huenda karoni, yaani shimo la maji machafu, na wengi huyahesabu kuwa yamerudi ardhini. Yamerudi, lakini yakiwa machafu, na karo likiwa jirani na kisima utakuja kuyanywa. Mimi huyaandika safu ya peke yake.

Kisha utaona pengo kati ya kilichoingia na kilichotoka; tafuta kama kuna panapovuja. Usiku wageni wakishalala, funga pampu na mfereji, tia alama ya mkaa kwenye tangi. Alfajiri rudi uangalie. Tangi la duara lenye upana wa mita 1.5 likishuka sentimita 10, zimepotea lita 177 hivi. Kuna nyumba niliitwa, mwenyewe akiwatuhumu wafuaji kupoteza maji. Nikatia bluu ya kufulia kwenye tangi dogo la kila choo, nisivute maji. Baada ya robo saa mabakuli matatu ya vyoo yalikuwa ya buluu: vyoo ndivyo vilivyovuja! Wafuaji hawakuombwa radhi, lakini hilo si swali lako.

Jambo la mwisho wakala hakuliuliza, nami nakuambia. Maji baridi ya Shela, yaani yasiyo na chumvi, ni ya mvua iliyonyonywa na vilima vya mchanga, nayo yameelea juu ya maji ya bahari. Kwa kanuni ya wataalamu, uso wa maji baridi ukishuka mita 1, ya chumvi hupanda kiasi cha mita 40 kutoka chini. Kwa hiyo kila Ijumaa, kabla ya kuwasha pampu, teremsha kamba yenye jiwe kisimani upime ni mita ngapi hadi kwenye maji. Kaskazi ikikolea na kamba ikazidi kurefuka, punguza bustani kwanza.