Ukitaka Pikipiki Nyepesi, Anza na Magurudumu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kasarani aliniandikia. Ana pikipiki ya Yamaha MT-07, amekuwa akiweka akiba tangu mwaka jana, na sasa hajui anunue ekzosi ya titani au rimu nyepesi. Marafiki zake wanamshauri ekzosi, kwa sababu hiyo angalau itasikika. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, tena na watu niliokuwa nikiendesha nao kila Jumapili. Walikuwa wakiniita Bwana Gramu, na mpaka leo jina hilo linaniuma.

Kaka, nunua rimu.

Najua sisi sote hapa tunatafuta kitu kimoja: pikipiki inayolala kwenye kona bila kubishana na mwenyewe. MT-07 yenye ABS (breki zisizoacha gurudumu likwame) ilipotoka mwaka 2014 ilikuwa na kilo 182, tangi likiwa limejaa. Mtu akikwambia amepunguza kilo 2 au 3 utaona ni mchezo. Lakini kilo na kilo hazifanani. Iliyo chini ya kiti inabebwa tu. Iliyo kwenye ukingo wa rimu inabebwa na pia inazungushwa, kwa hiyo ukivuta ekseleta injini inaihisi karibu kama kilo 2, na ukishika breki ni vivyo hivyo. Tena kadiri uzito unavyokaa mbali na ekseli ndivyo adhabu inavyozidi: umbali ukiwa mara 2, ugumu wa kuuzungusha unakuwa mara 4. Ndiyo maana nasisitiza ukingo wa gurudumu, wala si vibolti vyepesi vya rangi.

Kuna na hili ambalo wengi hawalifikirii. Rimu, tairi, diski na kalipa, yaani kibano cha breki, hazikalii springi, ziko chini yake. Gurudumu likigonga tuta, shokamzoba ndiyo yenye kazi ya kulirudisha barabarani, na likiwa zito linachelewa kurudi. Sisi wa magurudumu mawili haturuhusiwi kwenye Nairobi Expressway, tumebaki chini, Mombasa Road, na viraka vyake vya lami. Huko ndiko utakapojua faida ya rimu nyepesi hata kabla hujafika kwenye kona yoyote.

Mimi nilianzia duka moja mjini, jina lake nitaliacha. Muuzaji alinitolea rimu nyeusi, zinang'aa kweli, akaapa kwamba ni aluminiamu ya kufuliwa, yaani iliyogandamizwa kwa nguvu, si ya kumiminwa kwenye kalibu. Nilikuwa nimebeba mizani ndogo ya ndoano, ile ya kupimia mabegi ya safari ya ndege, na uzito wa rimu yangu ya mbele, bila tairi wala diski, nilikuwa nimeuandika kwa kalamu kwenye kiganja. Nikapitisha ndoano kwenye spoki moja, nikainua. Namba zikacheza, zikatulia. Rimu yake ilikuwa nzito kuliko ya kiwandani. Nikamgeuzia mizani aone. Hakuitazama. Alitazama buti zangu, akaniuliza kama nimekuja kununua au kufundisha, na waliokuwa dukani wakacheka. Niliondoka na pesa zangu mfukoni, lakini kile kicheko nilitoka nacho.

Habari za kuagiza kutoka nje, kusubiri na kulipa ushuru sitawachosha nazo. Rimu zilifika, za kufuliwa kweli, na mizani ikakubali: zaidi ya kilo 2 zilipungua kwa jozi. Fundi wangu wa Kirinyaga Road alihamisha diski na pete za sensa za ABS, akatia beringi mpya na raba mpya za habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, kisha akasawazisha magurudumu.

Jumapili iliyofuata tulishika Magadi Road. Ukishapita Kiserian na kufika Corner Baridi, barabara inaanza kuteremka na kona zinafuatana. Gurudumu linapozunguka kwa kasi hukataa kuinamishwa, na likiwa jepesi linakataa kidogo tu. Kona ambazo nilikuwa nikisukuma hendeli kwa nguvu za bega, sasa nilizigusa kwa kiganja na pikipiki ikalala. Tulipotua Olepolos, kwenye nyama choma, yule aliyenicheka kuliko wote aliomba funguo. Aliporudi hakusema neno kuhusu gramu. Aliuliza bei.

Kwa hiyo vijana wenzangu, acheni kununua kelele. Pimeni! Usikubali maneno ya muuzaji wala picha ya simu. Beba mizani yako, na kama hataki kitu chake kipimwe, toka. Na usisahau kupima tairi pia. Tairi ndiyo iliyo mbali kabisa na ekseli, na za saizi moja kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana uzito. Unaweza kutupa pesa kwenye rimu halafu ukazivisha tairi nzito.

Kuhusu madini, kwa barabara zetu nasimama na aluminiamu ya kufuliwa. Magnesi ni nyepesi zaidi, lakini rangi ikichubuka inaliwa na kutu yake haraka. Kaboni ni nzuri mno, na kampuni ya BST wanaitengeneza hukuhuku Afrika, Afrika Kusini, ila shimo la mvua za Aprili halitazami bei, na rimu ya kaboni ikipasuka hainyooshwi. Na hata ya aluminiamu, mtu asikudanganye kwamba ataichomelea na itakuwa kama zamani.

Ukishamaliza magurudumu ndipo uende kwenye betri. Ya asidi kwenye MT-07 ina zaidi ya kilo 3, ya lithiamu haifiki kilo 1. Pima kwanza chaji ya pikipiki yako, isipite volti 14.6, na ununue chaja yake maalumu. Sproketi, ile gia ya mnyororo, ikiwa ya aluminiamu itapunguza gramu, lakini kwa vumbi letu italika mapema kuliko ya chuma. Bolti za kalipa na ekseli usizibadilishe kwa nyepesi kabisa. Hapo hakuna gramu yenye thamani ya maisha yako. Na kama huna pesa leo, jaza nusu tangi: lita 7 za petroli ni kama kilo 5.

Rimu za kiwandani usiziuze. Zifunge kwenye gunia, uziweke pakavu. Siku utakapotaka kuiuza pikipiki, wanunuzi wengi wa hapa wanataka ilivyotoka kiwandani, na hizo nyepesi utahama nazo kwenye pikipiki inayofuata ikiwa habu na ekseli zinalingana. Nitumie saizi zako, kaka, nikuangalizie.