Mbwa kala chokoleti na yuko fiti: kwa hiyo ni uzushi?

Mkuu, umesema mwanao kampa German Shepherd wenu chokoleti ya maziwa ya gramu 40 jana jioni, leo anabweka kama kawaida, na unauliza kama habari za chokoleti kuua mbwa ni maneno ya Wazungu tu. Si maneno tu. Mbwa wako kaokolewa na hesabu.

Kwenye kakao kuna theobromini, ndugu yake kafeini. Sisi binadamu tunaitoa mwilini upesi, mbwa hawezi: inamchukua kama saa 17 kuipunguza nusu tu, kwa hiyo akila leo na kesho inalundikana. Dalili za mwanzo (kutapika, kuharisha, kiu kali) huanza kwenye miligramu 20 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Ikifika 40 hadi 50 moyo unaenda mbio, 60 na kuendelea ni degedege. Chokoleti ya maziwa ina karibu miligramu 2 kwa gramu, kwa hiyo mbwa wako kala kama 80. Gawa kwa kilo 30, hata 3 haifiki.

Sasa mpe kijibwa cha kilo 5 gramu hizohizo 40, ila za chokoleti nyeusi, yenye miligramu 5 hivi kwa gramu. Hapo umeshafika kwenye 40 kwa kilo, moyo huo.

Na kibaya kuliko vyote ni unga wa kakao, ambao watu hawaufikirii kabisa. Jirani yangu anaoka keki za oda. Mbwa wake, koko wa kilo kama 15, aliingia stoo akachana pakiti ya gramu 250 na kula kama robo. Usiku ule alikuwa hatulii, anazunguka uani, anahema ulimi nje, mate yanachuruzika, miguu inatetemeka, mkojo kila baada ya dakika chache. Vijana wa mtaa wakasema kichaa cha mbwa, wakashika marungu. Kilichomwokoa ni matapishi: ya kahawia, yananukia keki, na kipande cha pakiti ndani yake. (Hata hivyo, mbwa wa namna hiyo usimshike mikono mitupu kabla hujajua kinachomsumbua. Kichaa kipo.)

Daktari wa mifugo alipofika degedege lilishaanza. Alimchoma diazepam (dawa ya kutuliza degedege), akamwekea dripu, na mbwa alipotulia akampa mkaa wa dawa, ule unaonasa sumu tumboni. Kisha akatuagiza kitu ambacho sikukitegemea: mbwa atolewe nje akojoe mara kwa mara, maana theobromini iliyofika kwenye kibofu hunyonywa tena kurudi kwenye damu. Dawa maalumu ya kuiua sumu yenyewe haipo, unamsaidia mwili hadi uitoe, na dalili zinaweza kuendelea hadi siku tatu. Yule alipona.

Kuna mdau kwenye mjadala huu kashauri mbwa apewe chumvi ili atapike. Usithubutu, chumvi nyingi ni sumu nyingine. Mafuta ya kula pia acha, mbwa anayetapika anaweza kuyavuta mapafuni. Maziwa hayazimui chochote. Na mkaa wa jikoni uliotwangwa si mkaa wa dawa, hata kama vyote vyeusi. Mpigie daktari kabla dalili hazijaanza, kwa sababu huchukua saa 2 hadi 12 kujitokeza, na kumtapisha kuna maana mapema tu. Mwambie uzito wa mbwa, kala nini, kiasi gani, saa ngapi. Mbwa akishaanza kutetemeka, kumtapisha nyumbani ni kumpalia.

Wa Kyela nanyi, kakao mnayoanika uani ndiyo chanzo chenyewe cha theobromini. Mbwa wasilale karibu na vichanja.

Chokoleti nyeupe karibu haina theobromini, lakini mafuta yake yanaweza kuamsha ugonjwa wa kongosho, kwa hiyo nayo si zawadi. Na kama chokoleti ya mtoto ilikuwa na zabibu kavu ndani, hesabu yangu yote ya hapo juu iweke pembeni: zabibu huharibu figo za mbwa, na hata chache zinaweza kutosha. Karatasi yake bado unayo? Isome, kisha utuambie imeandikwa nini.